Muuguzi, usisaini kwa hasira: msongo wa zamu, barua za nidhamu na siku 30 za CMA

Maswali ya wauguzi wa Mwanza hayabadiliki. Nimechoka hadi nalia chooni, nifanye nini? Nimepewa barua ya kujieleza, nijibu au ninyamaze? Nimeachishwa, naanzia wapi? Anayeuliza swali la tatu mara nyingi alikuwa na la kwanza miezi sita nyuma, hakuliandika popote. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye uchovu na kuishia kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA. Karatasi unayoiandika leo kuomba kupunguziwa zamu ndiyo utakayoishika kesho mbele ya msuluhishi.

Andaa hivi kwanza

- Mkataba wa ajira au barua ya kuajiriwa, na kila barua ya kuongezewa muda.
- Slipu za mshahara za miezi 12 iliyopita, au taarifa ya benki kama mwajiri hatoi slipu.
- Nakala ya leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, ikiwa hai.
- Picha za ratiba ya zamu inapobandikwa. Ratiba tu, bila jina la mgonjwa hata mmoja.
- Daftari dogo la mfukoni, kalamu ya wino, na bahasha ngumu ya kutunzia karatasi zote. Bahasha ikae nyumbani, isikae kwenye kabati la wodini. Ukisimamishwa kazi, kabati hulifikii tena.
- Namba ya mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi tawini, TUGHE, TALGWU au kingine. Kama hujajiunga, jiunge sasa. Ukijiunga baada ya kupewa barua, utapokelewa, lakini utakuwa umechelewa kupata msaada wa siku za mwanzo, na hizo ndizo zenye uzito.

Hatua ya 1: Jua uko upande gani

Wauguzi wawili wa wodi moja, katika hospitali moja ya shirika la dini, wanaweza kuwa na njia mbili tofauti kabisa za kudai haki. Mmoja ameajiriwa na hospitali, mwenzake ni mtumishi wa serikali aliyepangiwa pale. Tazama slipu. Ukiona cheki namba na makato ya PSSSF, wewe ni mtumishi wa umma. Ukiona NSSF, kwa kawaida mwajiri wako ni binafsi au shirika, lakini thibitisha kwa kusoma jina la mwajiri kwenye mkataba.

Wa sekta binafsi na mashirika wanakwenda na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na mlango wao ni CMA. Watumishi wa umma wanaanza na njia za Sheria ya Utumishi wa Umma. Tangu marekebisho ya 2016, mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza ngazi zote za sheria hiyo kabla ya kugusa njia za sheria ya kazi. Aliyeachishwa na Mkurugenzi wa Halmashauri akakimbilia CMA moja kwa moja anarudishwa mlangoni, na muda wa rufaa yake unakuwa unayoyoma.

Hatua ya 2: Fungua daftari la zamu

Kila zamu, mistari minne: tarehe, saa uliyoingia na uliyotoka, idadi ya wagonjwa na idadi ya wauguzi, tukio lolote lisilo la kawaida. Mfano:

*Jumanne, usiku. Niliingia saa 1:30 jioni, nikatoka saa 2:40 asubuhi. Wagonjwa 38, wauguzi 2. Oksijeni ya mtungi iliisha saa 9 usiku, nilimpigia msimamizi wa zamu saa 9:05, hakupokea, nikapiga tena 9:15, akapokea.*

Inatosha. Usiandike maoni yako kuhusu tabia ya mtu. Daftari lenye "matroni ananichukia" linaonekana la kisasi, ila lenye saa na namba haligombwi kirahisi.

Onyo hapa ni kubwa. Usipige picha faili la mgonjwa, rejista ya dawa wala kitabu cha ripoti chenye majina. Nia yako inaweza kuwa njema, lakini umempa mwajiri kosa jipya la kuvunja usiri wa mgonjwa, na hilo linaweza kufika hadi Baraza. Ukihitaji kumbukumbu hizo baadaye, utaziomba zitolewe kwenye shauri.

Hatua ya 3: Linganisha zamu zako na sheria

Kwa mwajiriwa wa sekta binafsi, saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na kwa siku yoyote, ukijumlisha na za ziada, haziruhusiwi kuzidi 12. Saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi kwa saa. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Sikukuu ya taifa inalipwa mara mbili. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu.

Hospitali nyingi zinapanga zamu za saa 12 kana kwamba ni jambo la kawaida. Sheria inaruhusu siku ya saa 12 bila malipo ya ziada pale tu mmekubaliana *kwa maandishi*, tena isizidi siku tano kwa wiki wala saa 45 za kawaida. Uliza makubaliano hayo yako wapi. Mara nyingi hayapo.

Hesabu yenyewe inafanywa hivi. Chukua mshahara wa msingi wa mwezi, tuseme shilingi 600,000. Gawa kwa 4.333 upate wa wiki: takriban 138,472. Gawa kwa saa 45 upate wa saa: takriban 3,077. Saa moja ya ziada ni 4,616. Nyongeza ya usiku ni kama 154 kwa saa, yaani kama 1,540 kwa usiku mzima wa saa 10. Ni hela ya maandazi, ndiyo, lakini piga kwa usiku zote za mwaka mzima ndipo useme ni ndogo.

Mjamzito hapangiwi usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua, na anayenyonyesha ana haki ya kupewa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Matroni anayesema "hapa hatuna utaratibu huo" anazungumzia utaratibu wa wodi. Sheria haimsubiri.

Hatua ya 4: Shughulikia uchovu kabla haujakuharibia kazi

Uchovu una njia yake ya kukufikisha kwenye kamati ya nidhamu: dozi iliyosahaulika, jibu la ukali kwa ndugu wa mgonjwa, kuchelewa mara tatu mfululizo. Kwa hiyo huu si upande wa pembeni wa mwongozo.

Baada ya zamu ya usiku, kula kidogo, oga, lala ndani ya saa moja ya kufika nyumbani. Ukisema ufue kwanza, ukachukue samaki Kirumba, ukalale mchana, hutalala. Chai ya rangi na kahawa ziishie nusu ya kwanza ya zamu. Kama mnaweza kupokezana, usingizi wa dakika 20 hadi 30 kati ya saa 8 na saa 10 usiku unasaidia kweli, ila mwambie mwenzako na msimamizi ajue nani yuko macho. Kulala bila kuachiana zamu ndilo kosa linaloandikiwa barua.

Ukiona wiki mbili zimepita huna usingizi hata siku ya ofu, unalia bila sababu, au umeanza kuwaza kujidhuru, nenda kwa daktari kama mgonjwa mwingine yeyote. Bugando kuna idara ya afya ya akili. Kama hutaki wenzako wa hospitali yako wakuone kwenye foleni, jambo ambalo ni la haki kabisa, nenda kituo kingine. Chukua cheti cha mapumziko kilichoandikwa, kipeleke kazini siku hiyo hiyo, ubaki na nakala. Kutoonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa zito serikalini na kwa binafsi. Kuumwa bila karatasi kunasomeka kama utoro.

Ukijichoma sindano, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usiminye kidonda, ripoti papo hapo, na uanze dawa kinga ya VVU haraka iwezekanavyo, mwisho saa 72. Dozi ni siku 28. Ulizia pia homa ya ini B. Kisha hakikisha tukio limeandikwa kwenye rejista ya ajali na mwajiri amelipeleka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Wengi wanameza dawa kimya kimya kwa aibu, na wakipata madhara baadaye hawana karatasi hata moja inayoonyesha kwamba walichomwa kazini.

Hatua ya 5: Andika barua ya malalamiko, fupi

Malalamiko ya mdomo kwa inchaji hayahesabiki. Andika hivi:

*Kwa: Muuguzi Mfawidhi. Kupitia: Kiongozi wa Wodi.*
*YAH: UPUNGUFU WA WAUGUZI ZAMU YA USIKU, WODI YA UPASUAJI*
*Tangu tarehe ... hadi ... nimefanya kazi zamu ... za usiku, kila moja wauguzi wawili kwa wagonjwa kati ya 35 na 40. Hali hii inahatarisha usalama wa wagonjwa na imeathiri afya yangu. Naomba (1) aongezwe muuguzi mmoja usiku, (2) nipewe mapumziko ya saa 24 kila wiki, (3) nijibiwe kwa maandishi kabla ya tarehe ...*

Toa nakala mbili. Moja wachukue, nyingine wagonge muhuri wa "imepokelewa" na tarehe, ubaki nayo. Bila muhuri huo, barua yako ni karatasi tu.

Usitume malalamiko haya kwenye kundi la WhatsApp la wodi. Sauti ya dakika mbili ya hasira itachezwa kwenye kikao cha nidhamu. Wala usijiunge na mgomo: huduma za afya ziko kwenye orodha ya huduma muhimu ambazo sheria inazikataza kugoma.

Hatua ya 6: Barua ya kujieleza ikifika

Ipokee. Kukataa kuipokea hakukusaidii chochote. Saini kwamba umepokea, andika tarehe na saa pembeni ya saini. Hiyo si saini ya kukiri kosa.

Jibu ndani ya muda ulioandikwa. Kama muda ni mfupi mno, jibu kwa barua ya kuomba nyongeza, ukitaja sababu. Jibu tuhuma moja baada ya nyingine kwa namba zile zile walizotumia. Mfano, tuhuma ni "ulichelewesha dawa ya saa 4 usiku kwa wagonjwa watano". Jibu zuri ni: *"Dawa zilitolewa kati ya saa 4:40 na 5:10. Saa 3:50 hadi 4:35 tulikuwa tunahudumia mgonjwa aliyezimia, wauguzi wawili pekee. Nilitoa taarifa kwa msimamizi saa 4:05. Rejea barua yangu ya tarehe ... kuhusu upungufu wa wauguzi."* Jibu baya ni kurasa tatu za kulia na kuwataja wenzako waliofanya kosa kama hilo.

Kama umekosea kweli, sema umekosea, eleza mazingira. Kukana jambo lililoandikwa kwenye kitabu cha ripoti kunakuvunjia heshima kwenye kila jambo lingine.

Hatua ya 7: Kikao cha nidhamu

Kwa sekta binafsi, Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka mwajiri afanye uchunguzi kwanza, akupe tuhuma kwa maandishi kwa lugha unayoielewa, akupe angalau saa 48 za kujiandaa, akuruhusu kuwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako, na kikao kiongozwe na mtu mwenye wadhifa wa kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Ukipatikana na kosa, upewe nafasi ya kuomba upunguziwe adhabu, kisha sababu kwa maandishi. Ukisimamishwa kupisha uchunguzi, mshahara unaendelea kamili.

Chukua daftari lako na uweke alama ya vema au kosa kwenye kila kipengele hapo juu. Kuna wauguzi waliokuwa na makosa ya kweli, lakini mwajiri akaruka taratibu. Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali lina miguu miwili, sababu halali na utaratibu wa haki, na mzigo wa kuthibitisha yote mawili uko kwa mwajiri.

Na hapa ndipo watu wanapopotea: unaitwa pembeni na mtu wa utumishi, kwa sauti ya upole kabisa. "Sista, andika tu barua ya kuacha kazi, tutakulinda jina lako, ukifukuzwa Baraza litakufutia leseni." Usiandike. Mwajiri hana mamlaka ya kufuta leseni yako, hiyo ni kazi ya Baraza kwa utaratibu wake. Na ukishajiuzulu, kazi ya kuthibitisha kwamba ulilazimishwa inahamia kwako. Mwambie utafikiria, nenda nyumbani, piga simu kwa mwakilishi wa chama.

Hatua ya 8: Umeachishwa. Siku 30 zimeanza

1. Andika tarehe uliyopokea barua juu ya bahasha. Shauri la kuachishwa kazi linafunguliwa CMA ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Jiwekee siku ya 20 kama mwisho wako. Ukiwa Nansio au Sengerema, hesabu na siku ya safari, na uwezekano wa kuambiwa urudi kurekebisha fomu.

2. Dai kwa barua malipo yako ya kuondoka: mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuchukua, notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi) kama hukupewa, kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, usafiri wa wewe na mizigo yako kurudi ulikoajiriwa kama ni sehemu nyingine, na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo hakilipwi ukiachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, lakini cheti cha utumishi unapewa hata hivyo.

3. Chukua Fomu Na. 1 ya CMA. Hakuna ada. Jaza sehemu ya jumla, kisha sehemu ya B ambayo ni ya kuachishwa kazi peke yake, na humo utaulizwa kuhusu sababu na kuhusu utaratibu. Wengi wanajaza moja wanaiacha nyingine. Andika kiasi unachodai kwa tarakimu.

4. Jina la mwajiri liwe lile la kisheria. Hospitali ya dini mara nyingi inamilikiwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, na zahanati ya mtaani ina kampuni nyuma ya bango lake. Soma mkataba. Ukishtaki jina la kwenye bango, unaweza kushinda tuzo, yaani uamuzi wa CMA wa kukulipa, ambayo hakuna wa kuilipa.

5. Mpelekee mwajiri nakala *kwanza*, asaini au agonge muhuri, ndipo upeleke CMA pamoja na uthibitisho huo.

6. Siku ya usuluhishi fika mapema na bahasha yako yote. Unaweza kuwakilishwa na chama, wakili, au mtu uliyemchagua mwenyewe. Msuluhishi halazimishi mtu. Mkikubaliana, soma kila tarakimu na tarehe ya kulipwa kabla ya kusaini, maana makubaliano hayo yanafunga.

7. Msipokubaliana, chukua cheti cha kushindwa kwa usuluhishi na uombe shauri liende kwa mwamuzi. Huko ndiko ushahidi unakosikilizwa. Mwamuzi akiona uliachishwa isivyo halali anaweza kuamuru urudishwe kazini, uajiriwe upya au ulipwe fidia. Asiyeridhika ana wiki 6 kuomba marejeo Mahakama Kuu.

Mtumishi wa umma: badala ya yote hayo, kata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45 tangu upokee uamuzi, ukiambatisha hati ya mashtaka, utetezi wako na barua ya uamuzi. Usiporidhika hapo, rufaa inakwenda kwa Rais.

Mambo yakikwama

*Hujapewa barua, jina limeondolewa tu kwenye ratiba.* Andika barua siku hiyo hiyo ukiuliza hadhi yako na kusema uko tayari kufanya kazi. Igongewe muhuri. Usipofanya hivyo watasema ulitoroka.

*Mapokezi wamekataa kupokea barua.* Itume kwa posta ya rejista, tunza risiti. Au ipeleke na mwenzako, nyote mwandike tarehe, saa na jina la aliyekataa.

*Siku 30 zimepita.* Jaza Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda, na kiapo kinachoeleza kila siku iliyochelewa. Ulilazwa? Weka cheti. "Sikujua sheria" peke yake haikubaliki.

*Umefanya kazi chini ya miezi sita.* Huwezi kudai uachishaji usio halali, lakini mshahara, likizo na notisi unadai, ndani ya siku 60.

*Mkataba wa muda umeisha, hawakuongeza.* Kwa kawaida umeisha kihalali. Isipokuwa una matarajio ya haki ya kuongezewa: umeongezewa mara kadhaa kwa masharti yale yale, au una barua au ujumbe wa kiongozi unaosema utaendelea. Matumaini ya moyoni hayatoshi.

*Umeachishwa ukiwa mjamzito, na ndiyo sababu.* Iandike hivyo wazi kwenye fomu. Sheria haiitambui kama sababu halali.

*Umeshasaini kujiuzulu.* Kama mwajiri alifanya kazi isivumilike, bado kuna njia, lakini utaulizwa kama ulilalamika kwanza kwa njia za ndani. Toa ile barua ya hatua ya 5 yenye muhuri.

*Mwajiri hatokei CMA.* Hakikisha una uthibitisho kwamba alipata wito. Shauri linaweza kuendelea bila yeye. Ukikosa kufika wewe uliyelifungua, linaweza kutupwa siku hiyo hiyo, hivyo kama feri imeahirishwa, piga simu ofisini kabla ya saa ya shauri na upeleke tiketi yako siku inayofuata.